Uwanja wa Watoto Wote: Habari za Thika na Ruiru

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, na askari wa King's African Rifles waliporejea makwao kutoka Abisinia na Burma, walikuwamo kati yao watu ambao macho yao yalibaki vitani, wakarudi katika nchi isiyokuwa na hata chuo kimoja cha kuwafunza namna ya kuishi gizani. Jeshi la Wokovu, jamii ya Kikristo iliyoasisiwa London mwaka 1865 na William Booth, na ambayo ilikuwa imefika Kenya mwaka 1921, ndiyo iliyoibeba dhima hiyo: mwaka 1946 ilifungua Thika mahali pa kuwafunza waliopofuka vitani, na baadaye watoto vipofu nao wakapokelewa, hata mahali pale pakawa shule ya kwanza ya vipofu katika Kenya. Thika ya siku hizo ilikuwa mji mdogo wa reli, mkonge na kahawa, wala hapakuwa na mtu aliyeutazamia kuwa mwalimu wa nchi kwa jambo lolote. Lakini kwa jambo hili ulitangulia, na mwenye nia ya kuandika habari za viwanja vya kuchezea vinavyowafaa watoto wa kila hali ya mwili na akili hana budi kuanzia hapo, kwa sababu mtoto hawezi kulazwa bwenini muhula baada ya muhula asicheze.

Uwanja wa kawaida umejengwa kwa ajili ya jicho. Mpaka wake ni mstari wa chokaa, lango lake ni miti miwili ambayo huonekana kwa mbali, na mpira wake hupita kimya, basi asiyeona husimama kando akisikia furaha ya wenziwe pasipo kujua imeanzia wapi na imeishia wapi. Mwaka ule ule wa 1946, mbali kabisa na Thika, Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani waliwabunia askari waliopofuka mchezo uitwao golboli, ambao ndani yake mna somo lote la kadhia hii. Wachezaji ni watatu kila upande; mpira ni mzito, una kengele ndani, nao huviringishwa sakafuni kwa nguvu kuelekea lango lililoenea upana wote wa kiwanja; chini ya utepe wa mistari hupitishwa kamba, ili kidole au unyayo uitambue mipaka; kila mchezaji hufunikwa macho, hata yule aliyebakiwa na chembe ya nuru, ili pasiwe na mwenye kumzidi mwenzake; na watazamaji huamriwa kunyamaza mpaka mpira utoke. Mwaka 1976, mjini Toronto, mchezo huu ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, na shule za vipofu za Kenya nazo zikaja kuupokea. Hakuna aliyeponywa macho ili aucheze. Waliobuni waligeuza mpira, wakageuza mistari, wakageuza na adabu ya watazamaji, wakamwacha mchezaji kama Mungu alivyomjaalia.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1946 Lady Allen wa Hurtwood, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa kupamba bustani, alipitia Copenhagen akaona katika kiunga cha Emdrup uwanja uliofunguliwa mwaka 1943, wakati wa vita, kwa fikira za Carl Theodor Sørensen. Hapakuwa na chuma kilichopakwa rangi wala sakafu iliyosawazishwa. Palikuwa na mbao, matofali, udongo na misumari, nao watoto wakijijengea wenyewe na kubomoa watakapo. Lady Allen alirudi London akaanza kuhubiri kwamba viwanja vilivyoteketezwa na mabomu wapewe watoto namna hiyo, na hakukoma mpaka alipofika kwa watoto waliosahauliwa zaidi: mwaka 1970 ukafunguliwa Chelsea uwanja wa kwanza wa namna hiyo kwa watoto wenye ulemavu, na humo watoto ambao madaktari na wazazi waliwahifadhi wasiguswe na upepo wakaruhusiwa kupanda, kuanguka, kulowa na kuchafuka. Namtaja bibi huyu kwa sababu alisema waziwazi neno ambalo wema wetu hutuzuia kulisema, nalo ni kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuchubuka magoti kama mwenziwe. Huruma inayomfungia ndani humnyima nusu ya malezi.

Turudi Thika. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa umebisha hodi, Jeshi la Wokovu liliongeza shule ya pili katika mji huo, Joytown, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Zama hizo polio ilikuwa ikipita vijijini kila baada ya miaka kadhaa na kuacha nyuma yake watoto ambao akili yao ni kamili, mikono yao ni imara, na miguu yao imelegea. Wakapimiwa vyuma vya miguu na magongo, wakafunzwa kusimama, wakafunzwa kusoma. Serikali mpya nayo iliunda mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa kuangalia malezi na marekebisho ya watu wenye ulemavu, na mwaka 1968 ukatolewa waraka wa sera kuhusu mambo hayo. Fikira za wakati ule zilielekea zaidi kwenye ufundi na kazi, ili mwenye ulemavu apate riziki kwa jasho lake asiombe barabarani. Ilikuwa nia njema, na pengine nchi changa haikuwa na nafasi ya kuwaza zaidi, lakini mtoto wa miaka sita hakuwaza riziki, aliwaza bembea.

Ua wa shule ya namna hii ulikuwa na fadhila kubwa na hasara kubwa. Fadhila yake ni kwamba, ndani ya ua, mtoto hakuwa ajabu. Aliyetembea kwa magongo alicheza na wengine watembeao kwa magongo, aliyetambaa alicheza na watambaao, na mchezo ukapata kanuni zake bila ya kamati wala waraka: fulani atupe mpira kwa sababu mkono wake ni mrefu, fulani awe mlinda lango kwa sababu hakimbii, fulani asukumwe kwenye kiti na asukumaye ahesabiwe naye kuwa mchezaji mmoja. Watoto ni mafakihi wa insafu kuliko sisi; wakiachwa, huitengeneza sheria upya kila alasiri. Hasara yake ni kwamba maarifa hayo yote yalibaki ndani ya ua. Mtoto aliyekwenda likizo alirudi kwenye kijiji au mtaa ambao ndugu zake walicheza kati, bano na brikicho katika uwanja uliojaa mashimo, naye akawekwa kizingitini awaangalie. Na mtoto wa Thika mwenye miguu mizima alikua, akasoma, akaoa, akazeeka, pasipo kucheza hata siku moja na mtoto wa Joytown aliyekaa mwendo wa dakika chache kutoka kwao.

Hapa pana badiliko ambalo aghalabu halitajwi, nalo ndilo lililowashitua wajenzi wa viwanja. Mwaka 1980, ambao Kenya iliutenga kuwa mwaka wa walemavu, mwaka mmoja kabla ya ule wa 1981 ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kwa dunia nzima, ulianza pia mpango wa taifa wa chanjo za watoto, na kwa kadiri chanjo ilivyoenea polio ilirudi nyuma. Shule za namna ya Joytown hazikufungwa. Zilipokea watoto wengine, hasa wale ambao ubongo uliumia kabla au wakati wa kuzaliwa, na wale waliozaliwa na uti wa mgongo ulio wazi. Mtoto wa polio alikuwa na mabega ya kupandia ngazi ya kamba na kiganja cha kushikia mnyororo wa bembea. Huyu mpya pengine hawezi kuketi bila kuegemezwa, viungo vyake hukakamaa au hutikisika pasipo ridhaa yake, na ngozi ya miguu yake yaweza kuungua juu ya chuma kilichopigwa na jua la mchana asihisi. Kifaa kilichomfurahisha yule wa kwanza chaweza kumdhuru wa pili. Ndiyo maana hakuna uwanja uliokwisha kujengwa mara moja kwa daima. Watoto hubadilika, nao uwanja hauna budi kubadilika pamoja nao.

Mwaka 1985 msanifu majengo wa Marekani, Ron Mace, ambaye mwenyewe alipatwa na polio akiwa na miaka 9 na akaishi maisha yake yaliyobaki juu ya kiti cha magurudumu, aliliandika wazo ambalo wengi walilipapasa bila kulipa jina: kwamba kitu kisanifiwe tangu mwanzo kwa ajili ya watu wote kwa kadiri iwezekanavyo, badala ya kujengwa kwa wazima kisha kibandikwe kipande kwa wagonjwa. Mteremko uliojengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu hupandwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na mchuuzi mwenye mkokoteni, na mzee mwenye maumivu ya goti. Mwaka uliofuata Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, ambayo makao yake ni Kasarani, kando ya barabara iendayo Ruiru na Thika, na huko wakafunzwa walimu waliotawanyika nchi nzima. Barabara hiyo moja, basi, ilikuwa na shule ya vipofu na shule ya wenye ulemavu wa viungo mwishoni mwake, na chuo cha walimu wao mwanzoni mwake. Na katikati palikuwa Ruiru.

Ruiru ulikuwa mji wa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyozalishwa ili istahimili chule buni na kutu ya majani, na jina la mji likaenda katika mashamba ya mbali kuliko lilivyowahi kwenda kwa sababu nyingine yoyote. Lakini kahawa ilianguka bei, Nairobi ikafurika, na barabara kuu ya Thika ikatengenezwa upya kuanzia mwaka 2009 hata ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ikiwa pana kuliko barabara yoyote ambayo nchi ilikuwa imeiona. Mashamba yakakatwa ploti za hamsini kwa mia, ploti zikaota ghorofa, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ikaonyesha mji wa Ruiru una watu 490,120 ilhali Thika, uliokuwa mkubwa wake kwa umri na kwa sifa, ulikuwa na 251,407. Mwenye shamba akatapo ploti huhesabu njia za magari kwa sababu ploti isiyo na njia hainunuliwi. Uwanja wa watoto hauna mnunuzi, na kama ulichorwa kwenye ramani, aghalabu ulichorwa ili ramani ipite.

Wala si Ruiru peke yake. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini Kenya, na uwanja wa kuchezea ni windo jepesi kuliko yote, kwa maana hauna paa, hauna mlinzi, na wenyewe hawapigi kura. Mwezi wa Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road mjini Nairobi walirejea kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta; walipousukuma ukuta huo walirushiwa gesi ya kutoa machozi na polisi, picha zao zikaenda ulimwenguni kote, na siku chache baadaye uwanja ukarudishwa. Nchi iliyohitaji watoto wapigwe gesi ndipo ikumbuke kwamba uwanja ni wao haikuwa imefika bado mahali pa kuuliza kama uwanja huo una mteremko wa kiti cha magurudumu.

Sheria, kwa hakika, hazikukosekana. Kenya iliridhia mwaka 1990 mkataba wa haki za mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinataja mchezo kwa jina lake. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilidai mazingira yasiyo na vizuizi na ikawapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa mwaka 2008, ulisema katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki mchezo na burudani sawa na wenzao. Katiba ya mwaka 2010 ikaweka katika ibara ya 54 haki ya kufika mahali pote kwa njia ya insafu, na mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikashika nafasi ya ile ya 2003. Mwenye kuzisoma zote kwa mfululizo angedhani kwamba kila mtaa wa Ruiru una bembea yenye mgongo na mikanda. Atakayekwenda kutazama ataona watoto wakicheza ngazini mwa ghorofa, juu ya mapaa zinakoanikwa nguo, na barabarani kati ya bodaboda. Na siku za Jumapili, wenye fedha watawapeleka wao kwenye majumba ya mpira yanayojazwa upepo, ambayo mtoto asiyesimama huingizwa kwa kubebwa, hurushwa ovyo na mruko wa wenzake, akatolewa analia.

Basi uwanja wa watoto wote ni nini hasa? Kwanza ni ardhi ya chini, wala si vifaa. Udongo mwekundu wa Thika ni mzuri kwa mananasi, lakini masika yakifika, kati ya Machi na Mei, huwa utelezi unaomwangusha mwenye magongo na kuzamisha gurudumu; na katika sehemu za Juja na Ruiru zenye udongo mweusi wa mfinyanzi hali ni mbaya zaidi, kwa maana udongo huo huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, ukang'oa kila kilichojengwa juu yake bila msingi. Changarawe na mchanga mwingi, ambavyo hupendwa kwa urahisi wake, humzuia mwenye kiti sawasawa na ukuta. Yafaa moramu iliyoshindiliwa barabara, au zege lililokwaruzwa, na chini ya vifaa vya kupanda zulia la mpira uliosagwa kutoka magurudumu mabovu, ambayo barabara yetu huyazalisha kila siku. Njia iwe pana viti viwili vipishane, na mteremko usizidi kupanda sehemu moja kwa kila sehemu 12 za urefu. Mawe ya Ndarugo, ambayo yamejenga nusu ya Ruiru, yatosha kwa kingo za njia hizo, na kingo ni muhimu kwa sababu fimbo nyeupe huzifuata.

Kisha ni kivuli. Watoto wenye ualbino huhesabiwa mara nyingi kati ya wenye uoni hafifu, nao husoma katika shule za vipofu, Thika ikiwamo. Jua la saa sita kwao ni adui wa macho na wa ngozi pia, na uwanja usio na miti umewafukuza kabla hawajafika langoni. Kisha ni uzio wenye lango moja, kwa ajili ya mtoto mwenye usonji ambaye hukimbia pasipo kutazama gari, na karibu yake pembe tulivu, yenye ukuta mfupi na kiti, ambamo mtoto aliyezidiwa na makelele aweza kujitenga bila ya kuondoka. Mchanga uwekwe juu ya meza, ili magoti ya aliye kitini yaingie chini yake. Gurudumu la kuzunguka lilazwe usawa wa ardhi, kiti kipande juu yake bila ngazi. Kamba za mkonge, ambazo nchi hii imezifuma tangu enzi za walowezi, zafaa mikono inayohitaji kitu kinene cha kushika, na zikilika zibadilishwe na fundi wa mtaani kwa bei ya mtaani. Hali kadhalika kuna jambo ambalo wafadhili hulisahau mara kwa mara, nalo ni choo: mzazi ambaye hana mahali pa kumbadilisha mtoto wa miaka 9 hatakaa uwanjani zaidi ya nusu saa, hata vifaa viwe vya dhahabu.

Huko San Antonio, Texas, Gordon Hartman alifungua mwaka 2010 bustani nzima ya michezo, Morgan's Wonderland, iliyochochewa na hali ya binti yake, na wenye ulemavu huingia bure; ni kazi ya kusifiwa, lakini ni kazi ya mamilioni ya dola, na anayeiweka kuwa kipimo chetu hutupa udhuru wa kutofanya lolote. Mfano ulio karibu ni ule wa Jinja, Uganda, ambako shirika lililojulikana kwa jina la East African Playgrounds lilijenga viwanja kwa kutumia mafundi wa huko na vitu vinavyopatikana huko. Nami naona mfano ulio karibu zaidi haujavuka mpaka hata mmoja. Upo Thika, katika shule mbili ambazo kwa miongo mingi zimekuwa zikijua ni wapi mtoto kipofu hupotea, ni mteremko upi humchosha mwenye magongo, na ni mchezo gani huwakutanisha wote. Mjenzi anayekwenda ng'ambo kutafuta ujuzi huo, ilhali hajapiga hodi katika shule hizo, amedharau hazina iliyo mlangoni pake.

Katiba, katika jedwali lake la nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya bustani na mahali pa burudani, ikazipa pia elimu ya chekechea. Hivyo kaunti ya Kiambu, yenye bodi za manispaa Thika na Ruiru, haina wa kumsukumia jambo hili. Nyua za shule za chekechea zingetosha kuwa mwanzo, kwa sababu zipo tayari, zina walimu, na watoto wake hawajajifunza bado kuogopana. Msomaji uliyeko Thika au Ruiru, kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti kitakapotangazwa, nenda. Uliza ni kiasi gani kimetengwa kwa uwanja wa watoto, uliza ramani yake ilionyeshwa kwa nani kabla ya kupitishwa, na kama hakuna mwalimu wala mwanafunzi wa shule zile mbili aliyeitwa kuitazama, taka iandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba aitwe.